Dhamana ya Hadi Langoni

Tangu zama za majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yakiwa yamesheheni tende na mazulia, bandari ya Mombasa imeteremsha kila namna ya shehena, lakini sidhani kwamba imepata kuteremsha kitu kilichosifiwa kwa ufasaha mwingi kuliko gari la mtumba kutoka Japani. Kanuni ya nchi, iliyo katika kipimo kiitwacho KS 1515, yakataza kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na yataka usukani wake uwe upande wa kulia. Basi katika yadi za mji wetu kila gari hutolewa kama mwari: umri wake watajwa mbele ya wazee, uso wake umepakwa ukang'ara, na tabia yake yaachwa ijulikane nyumbani kwa mume.

Langu nililinunua katika yadi ambayo jina lake nitalisitiri, kwa kuwa chai yao ilikuwa nzuri. Kijana aliyeniuzia, ambaye aliniita baba kabla hajaniuliza jina, alinieleza kwamba gari lilikuwa la mwalimu mwanamke wa Nagoya, aliyelitumia kwenda sokoni Jumamosi tu; habari hizi alizipata wapi ni siri baina yake na mwalimu yule. Tulilijaribu kutoka yadini hadi Mama Ngina na kurudi, nalo likaenda kwa upole usio kifani, maana kisiwa cha Mombasa, jinsi Mwenyezi Mungu alivyokitandaza, hakina mwinuko wa kumfedhehesha muuzaji. Kila asubuhi nilipoliwasha, sauti ya kike ilinidai kwa Kijapani, kwa taadhima kubwa, kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, na mke wangu, aliyelelewa kutompuuza mtu anayemsemesha kwa adabu, akawa akimjibu, "Ahsante, mwanangu."

Aibu ilitushukia Likoni. Mwenye kuvuka kwa kivuko anajua kwamba maji yakiwa ya bamvua na yakipwa, ngazi ya chuma inayoshushwa ufukweni huelekea juu kwa namna inayomtaka kila dereva aonyeshe alichonacho. Zamu yangu ilipowadia nilitia gia ya kwendea mbele, nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, sindano ikapanda kuelekea kwenye namba nyekundu, na gari likabaki pale pale. Nikakanyaga tena. Likatetemeka, likasogea kiasi cha kumpa mtu tumaini, kisha likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea kwenye lori la saruji. Hamali mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa madafu, kifua wazi na jasho likimchuruzika, alinifikia, akanipita, akapanda ngazi yote na kufika kituoni. Na alipofika juu aliegemeza mkokoteni wake, akageuka kunitazama kwa huruma ambayo sijapata kutazamwa nayo na mtu mwenye gari. "Tia nyutro, shekhe, twasukuma!" wakapiga kelele watu, na kwa mikono yao, wala si kwa ustadi wa Wajapani, nikaingia Likoni.

Fundi wangu wa Majengo, mtu wa maneno machache, alifungua skurubu chini ya giaboksi, akakinga kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akasugua oili ile baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaniletea puani bila ya kusema kitu. Ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na ndani yake mlikuwa na chembe za chuma zikimetameta juani. Giaboksi yenyewe ni ya namna isiyo na gia: ukanda wa chuma umebanwa baina ya roda mbili zinazojipanua na kujibana, ili mwendo ubadilike bila ya mshituko. Fikra hii si ya jana. Mholanzi Hub van Doorne aliitia katika kigari cha DAF mwaka 1958, wakati huo mikanda ikiwa ya mpira, na magari yale yaliweza kwenda kinyumenyume kwa kasi ile ile ya kwenda mbele, hata wenyewe Waholanzi wakafanya mashindano ya mbio za kurudi nyuma. Kama yadi ingeniuzia gari langu kwa nia hiyo, nisingekuwa na la kulalamika. Lakini giaboksi hii hutaka oili yake mahususi; ukiitilia ile ya giaboksi nyingine za otomatiki, kwa kuwa ndiyo rahisi na ndiyo iliyopo dukani, ukanda huanza kuteleza, huchubua chuma, na chuma kile huzunguka humo kikimaliza kilichobaki. "Mzee," alisema fundi, "hii imetiliwa ile ya rahisi. Na si wewe uliyeitia."

Nikarudi yadini. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ile haikuwa biashara ya magari tu bali madrasa, na somo lake kubwa ni namna ya kumpokea mtu mwenye haki na kumrudisha kwao bila haki yake, naye akashukuru. Niliketishwa chini ya feni, nikaletewa chai ya maziwa yenye iliki na kipande cha halua, nikaulizwa hali ya watoto, na hali ya wajukuu, na kama mvua zimeshuka kwetu. Meneja, mwenye sauti ya mtu anayetoa rambirambi, alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kisha akasema kwamba gari hutaka kuzoea hewa ya pwani.

Siku nyingine ilikuwa ni kwamba magari ya Japani hayapendi maji ya chumvi. Siku nyingine, kwamba ngazi ya kivuko si barabara, na giaboksi haikuumbwa kwa ajili ya bahari. Yule kijana wa mwalimu wa Nagoya akawa sasa haniiti baba bali mteja, akadai kwamba yeye ni dalali tu, hulipwa kwa kila gari linalotoka na hana habari na linalorudi. Nilipomwomba meneja nionane na mwenye yadi, nikaambiwa yuko Dubai. Nilipoomba namba yake, nikaambiwa kule ni usiku, nami saa yangu ikionyesha saa kumi za alasiri. Mwishowe nikafunuliwa hati ya ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kupakiwa melini, nikaonyeshwa muhuri wake, ambao kwa hakika ulikuwa mzuri. Na chini ya risiti yangu, kwa herufi ambazo ingefaa kuzisoma kwa darubini, nikasomewa kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. "Yaani, mzee wangu," alifafanua meneja kwa upole, akinisogezea halua, "dhamana yetu ni ya hadi langoni." Nilitazama lango. Lilikuwa hatua chache kutoka nilipoketi, na askari wa zamu amelala.

Sasa mimi si mtu wa mahakama, lakini nina mpwa aliyesomea sheria, naye alinipa maneno matatu ya kwenda nayo. La kwanza, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. La pili, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Hayo mawili meneja aliyapokea kwa heshima inayostahiki maandiko, akaniagizia chai ya pili. La tatu lilikuwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambako mtu huweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na ambako sheria yataka hukumu itolewe ndani ya siku 60. Hapo kikombe cha pili hakikufika. Meneja alitoka nje na simu yake, na ajabu ya Mungu, kule Dubai kukawa kumepambazuka.

Tuliafikiana hivi: yadi itoe giaboksi nyingine ya mtumba, kutoka Japani vile vile, nami nigharimie oili na ujira wa fundi. Oili nilinunua mwenyewe, na kopo nikalibeba hadi Majengo nikiwa nimelikumbatia. Gari lapanda ngazi ya Likoni siku hizi, hata maji yakipwa.

Wewe unayekusudia kununua gari la ukanda katika mji wetu, lipeleke kwanza barabara ya Nairobi, ulipandishe kilima cha Mazeras likiwa limekwisha pata moto, na oili yake inusiwe na fundi wako, si wao. Nanyi wenye yadi, nawaomba jambo moja: mwiandike dhamana yenu juu ya kioo, kwa rangi ile ile na herufi kubwa zile zile mnazoandikia bei.