Yah: Madai ya Posho ya Usiku kwa Miguu Yangu Miwili

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ratiba za Zamu,
Kituo cha Afya (jina nimelihifadhi),
Dar es Salaam.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi wako wa zamu ya usiku, mkazi wa Chamazi, wilaya ya Temeke. Miguu inayotajwa ni yangu, wa kulia na wa kushoto, na umri wake ni sawa na wa mwenye nayo. Naiandikia mimi kwa kuwa yenyewe haina nafasi. Iko kazini.

Naam, kazini. Nikimaliza wiki ya naiti mimi natoka, yenyewe haitoki. Nikijilaza tu, inaanza kuzunguka wodi. Si maumivu, wala si ganzi. Ni kama siafu wameingia ndani ya ugoko wanatafuta mlango wa kutokea. Nikiikunja inataka kunyooshwa, nikiinyoosha inataka kushuka kitandani. Nikienda hatua kumi hadi mlangoni inatulia kimya, kama mtoto aliyepewa alichokuwa akililia. Nikirudi kulala, siafu nao wanarudi. Baba watoto, baada ya kula mateke wiki tatu mfululizo, amehamia kwenye kochi la sebuleni. Uhamisho wake ulikamilika usiku mmoja. Wangu nilioomba kwako naambiwa bado unashughulikiwa.

Mama mkwe anasema nyayo zikiwasha ni safari. Nimeisubiri safari hiyo na hadi leo haijavuka Mbagala Rangi Tatu. Jirani naye anasema nimetupiwa jini. Nikamuuliza, jini gani huyu anayeripoti saa mbili usiku na kuondoka alfajiri? Jini akiwa na mahudhurio mazuri kiasi hicho, si ungekuwa umeshamwajiri?

Hizo saa mbili hazikunitoka hivihivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku unaanza saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Miguu yangu nayo imeisoma sheria hiyo na inaifuata kuliko waajiri wengi. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Miguu hii haijaonja hata dakika 12. Ndiyo maana inadai.

Usije ukadhani nimebuni ugonjwa ili nikwepe zamu. Tabibu wa Kiingereza, Thomas Willis, aliuandika mwaka 1672. Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaueleza kwa kina mwaka 1945, na wapo wanaouita kwa majina ya wote wawili. Sisi hatujaupa jina. Mgonjwa anakuja anasema, “Miguu inanitembea,” kwenye kadi yanaandikwa maumivu ya miguu, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani kuendelea kutembea. Tena upo utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010: watu zaidi ya 7,000, na wenye tatizo hili karibu hawakuonekana. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Kumbe taifa zima miguu yake imetulia, isiyotulia ni hii miwili tu, na yote umeipanga naiti.

Ila kuna usiku mmoja uliniharibia furaha hiyo. Ilikuwa saa nane, nimekaa kwenye kile kiti chetu cha miguu mitatu (wa nne uliacha kazi, wala haukutoa notisi ya saa 24). Nikasikia mtu anatembea koridoni. Alikuwa mama wa mimba ya miezi minane, kanga ameifunga chini ya tumbo, kandambili kazishika mkononi asiwaamshe wenzake. Anakwenda hadi mlango wa stoo, anageuka, anarudi.

“Uchungu umeanza, mama?”

“Hapana, sista. Miguu tu. Imekataa nisilale.”

Nikamvuta kope la chini nikalimulika kwa tochi ya simu. Lilikuwa jeupe kama karatasi ya ratiba yako. Nikampima wingi wa damu, ikasoma 8 na ushee. Ubongo unahitaji madini chuma ili utengeneze dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili. Madini yakipungua, miguu inabaki haina msimamizi, na wajawazito hali hii huwapata zaidi miezi ya mwishoni. Nikamuuliza kuhusu vidonge vya damu alivyopewa kliniki. Anavyo na anavimeza, lakini kwa chai ya rangi, maana vinamchefua. Nikamweleza kwamba chai inayazuia madini hayo yasiingie mwilini. Ameze kwa maji ya chungwa au ndimu, na chai ikae mbali kwa saa mbili hivi. Nikaandika, nikampangia vipimo na siku ya kurudi. Kisha tukatembea wote hadi karibu na adhana ya alfajiri, watu wawili, miguu minne, korido moja.

Asubuhi daktari alifika, akasoma niliyoandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaweka saini yake chini. Kwenye fomu ya bima, huduma ikawa yake.

Hapo ndipo ninapoomba tuelewane, Mheshimiwa. Usiku, daktari wa wito asipopatikana kwa simu, mimi ndiye ninayepokea, ninayechunguza, ninayeandika dawa, ninayekwenda kuitoa dirishani na ninayezalisha. Saa moja na nusu asubuhi ripoti ikishakabidhiwa, navuliwa hayo yote narudishiwa unesi wangu. Mfagizi wetu wa kiume akipita na ndoo, ndugu wa wagonjwa wanamwamkia, “Shikamoo dokta.” Mimi niliyekesha na mgonjwa wao naulizwa, “We nesi, daktari yuko wapi?” Marekani, mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha pale Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya muuguzi anayechunguza na kutibu kwa elimu na dhamana yake mwenyewe. Mimi kazi hiyo ninayo kila usiku. Jina lake ndilo sina, na mshahara wake sijawahi hata kuuota, maana kuota kunataka kwanza ulale.

Na kulala ndiko hakuna. Wiki ya naiti mchana ndio usiku wangu, lakini Chamazi haijapewa taarifa. Saa tatu asubuhi fundi wa kuchomelea mageti anafungua kazi. Saa nne anapita muuza dawa ya mende na kunguni na kipaza sauti chake. Sauti imerekodiwa, haichoki wala haimezi mate. Nikipata usiku wa mapumziko, mtaa wa nyuma wana kigodoro. Sherehe ya kukesha hadi kuche, halafu wameipa jina la godoro! Aliyeibatiza hivyo nadhani ni ndugu yake aliyeandika “mapumziko” kwenye ratiba yetu.

Sikatai kwamba ulitujali. Mwaka jana ulituita semina ya usingizi bora kwa watumishi. Ilianza saa tatu asubuhi, sisi ndiyo tumetoka naiti. Mtoa mada akasema mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Yaliyofuata sikuyasikia kwa kuwa nililala, na jina langu likaandikwa. Kila Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, unatuwashia mishumaa na kutusifu kwa moyo wa kujitolea. Mishumaa tunaitunza, umeme ukikatika inatufaa leba.

Najua utauliza, kwa nini muuguzi anayejua yote haya hajitibu. Wahenga walishasema mganga hajigangi. Ili nisisinzie zamu nzima nakunywa chai ya rangi, birika hadi birika, ileile niliyomkataza mama wa watu. Mchana usingizi ukigoma, nanunua duka la dawa vile vidonge vya njano vya mafua na mzio vinavyolevya. Navyo nimekuja kujua kwamba ni miongoni mwa dawa zinazoichochea miguu ya namna hii. Kipimo cha akiba ya madini chuma mwilini hapa kituoni hatuna. Niende hospitali kubwa, asubuhi, saa ambayo mimi bado nakabidhi ripoti. Ukiniona kwenye daladala nampisha kijana mzima kiti changu, na konda ananisifu kwa ustaarabu, usinisifu wewe. Miguu ndiyo iliyosimama, mimi nimeifuata.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo.

Mosi, miguu yangu miwili ilipwe nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku iliyofanya kazi kitandani. Shahidi yupo, analala kwenye kochi.

Pili, usiku wenye muuguzi mmoja na wodi mbili upatiwe muuguzi wa pili. Ikishindikana, basi nipewe jina la kazi ninayoifanya, ili ndugu wa mgonjwa akiuliza daktari yuko wapi nimjibu bila kusema uongo.

Tatu, kiti kirudishiwe mguu wake.

Nne, semina ijayo ya usingizi ifanyike kwa vitendo. Mtoa mada akae nyumbani kwake, sisi majumbani kwetu, mahudhurio yachukuliwe tukishaamka.

Yule mama wa koridoni alijifungua salama mtoto wa kike. Alinipigia simu wiki ya pili: miguu imetulia, analala mpaka mtoto ndiye anamwamsha. Wengi huwa hivyo, mzigo ukishashuka na miguu nayo inashuka. Nilimpa hongera nikiwa mlangoni, hatua ya kumi, nageuka kurudi. Yeye kadi yake ya kliniki ilikuwa imeandikwa tarehe ya makadirio. Mzigo nilioubeba mimi haujaandikiwa tarehe, na kalamu ya kuiandika unayo wewe.

Barua hii nimeiandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya friji, kwa usiku nne. Naomba kuwasilisha.

Muuguzi wa zamu
(Sahihi: dole gumba la mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa koridoni.)