Neema ya Kukosa Kisa

Katika baraza la mtaa wetu, hapa Unguja, daraja ya mtu haipimwi kwa nasaba wala kwa mali, bali kwa visa alivyonavyo. Na kwa kuwa Mola, kwa rehema zake, alikuwa amenijaalia muda mrefu wa siku zisizo na tukio, mimi nilikuwa fakiri wa mwisho barazani. Mwenzangu mmoja aliwahi kufukuzwa na ng'ombe wa harusi hata akapanda mnazi hali amevaa joho. Mwingine alipotea Mombasa, akaingia nyumba ya matanga akidhani ni nyumba ya wageni, akala, akashiba, na kwa adabu akalia pamoja na wafiwa. Nami, nilipoulizwa yaliyonisibu, nilijibu kwamba nililala, nikaamka, nikaenda kazini, nikarudi. Mzee mmoja, kwa kunihurumia, aliwakumbusha wenziwe kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu hapo wakawa wananitazama kwa matumaini.

Mshindo ukaja. Mjomba wangu, mtu wa kiwiliwili kikubwa na dua nyingi, aliletwa kutoka Wete, Pemba, na pepo za mwisho za kaskazi, bila ya barua wala salamu za kutangulia, na kwapani amepakata jogoo. Nilimpokea kwa taadhima, nikampa kitanda changu cha kamba nilichorithi kwa babu, ambacho kamba zake zilikuwa zimedumu miaka mingi kwa sababu moja tu, nayo ni wembamba wangu. Usiku wa manane zilikatika zote kwa mlio mmoja, jogoo, akidhani kumekucha, akawika, majirani, wakidhani jogoo hawezi kukosea, wakaamka kutia udhu, na mjomba, aliyekuwa amelala sakafuni na miguu yake ingali juu ya mfumbati, akaniambia kwa upole, "Mpwa wangu, nyumba yako ina uhai."

Ijumaa iliyofuata, nikiwa nimevaa kanzu ya darizi niliyoiweka kwa Idi, tulipita Funguni, ambako vyombo vilikuwa vimepandishwa pwani. Fundi mmoja aliyekuwa akipaka ubavu wa jahazi mafuta ya papa aligeuka kumwamkia mjomba kwa heshima zote, na brashi ikageuka pamoja naye. Hapana udi wala ambari iliyopata kutoka Arabuni iwezayo kushindana na mafuta ya papa. Msikitini, ambako hutakiwa bega liguse bega, niliachiwa wasaa wa kutosha kuume na kushoto, na aliyekuwa nyuma yangu akafupisha sijida zake kwa kadiri inavyojuzu. Habari za jogoo na mitungi ya jirani sizitaji, kwa kuwa bei ya mitungi hiyo tungali tunaisuluhisha.

Barazani nilipandishwa daraja usiku ule ule. Nilikalishwa karibu na muuza kahawa, nikatakiwa nirudie habari ya mfumbati, na watu wakacheka hata wakafuta machozi kwa vilemba. Lakini nilipokuwa nikisimulia, moyoni nilikuwa nikipiga hesabu ya kamba, kanzu na mitungi. Nikamtazama yule mwenzetu wa ng'ombe wa harusi, nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba mpaka leo anachechemea. Kisa humfurahisha msikilizaji, na gharama zake hubaki kwa mwenyewe.

Tena, pale Funguni, kabla ya brashi kugeuka, palikuwa na jambo la kutazamwa. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi, zamani ilikuwa ikileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, ishikayo baada ya Aprili, ilikuwa ikivirudisha kwao. Na katikati ya hizo huwapo tanga mbili, wakati upepo wenyewe haujui uendako. Ndipo chombo hupandishwa pwani, kikakwanguliwa makombe, mianya ya mbao zake ikatiwa kalafati ya pamba na mafuta, na tumbo lake likapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Sijapata kusikia mshairi aliyetunga beti za kusifu deheni. Hata hivyo, chombo kisafiricho bila ya kazi hiyo hupata kisa kizuri mno, ila mara nyingi hakipati msimulizi.

Kusi iliposhika, mjomba alirejea Pemba, na jogoo, kwa nasaha yangu, akafuatana naye. Tangu hapo halijatokea jambo, na katika kutotokea huko kitanda kimewambwa upya kwa kamba nene, barua za miezi mingi zimejibiwa, na nimejua kwamba mtoto wa jirani, ambaye nilizoea kumwita "wee mtoto," anahifadhi Kurani na amefika juzuu ya kumi. Siku za misukosuko hazikunipa nafasi hata ya kuonana naye, ingawa mitungi iliyovunjika ilikuwa ya mama yake.

Basi, msomaji uliyecheka, ujue ya kuwa kicheko chako kimekwisha kulipiwa, tena kwa fedha taslimu; na ikiwa Mwenyezi Mungu atazikubali dua zangu, mwakani sitakuwa na hata sentensi moja ya kukuandikia.