Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Idara za Mionzi: Ombi la Ajira ya Kifua cha Mchimbaji

Picha ya kifua ya mchimbaji mdogo wa Segese haina maisha marefu. Hupigwa Kahama, hutiwa kwenye bahasha ya kaki, husafiri hadi Mwanza pamoja na karatasi ya rufaa, na huko hukataliwa kabla bahasha haijafunguliwa. “Hiyo ya nje. Kalipie nyingine.” Kifua ni kilekile, amri ni ileile: vuta pumzi, usipumue.

Wakuu wa idara za mionzi, ambao utaalamu wao hauna mjadala, wanaijua kanuni: kila picha iwe na sababu, na dozi iwe ndogo kadiri picha inavyoruhusu. Picha moja ya kifua haizidi takriban milisiveti 0.1, si neno. CT-skani ya kifua huweza kufikia 7, yaani makumi ya picha za kawaida kwa mlalo mmoja. Mtumishi wa chumba cha mionzi amewekewa kikomo cha wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mgonjwa hana kikomo, kwa kuwa inadhaniwa daktari amekwisha kupima faida yake.

Kwa hiyo inaombwa mchimbaji huyo aajiriwe. Apewe beji ya kupimia mionzi, isomwe na Tume ya Nguvu za Atomu kama za watumishi wenzake. Cheo chake kiwe Mpigwapicha Mwandamizi. Majukumu yake, kuvuta pumzi na kuizuia. Apate likizo ya mwaka ili mapafu yapumzike, na akipandishwa daraja ndipo alazwe kwenye CT. Kiinua mgongo kinaweza kulipwa kwa filamu zake mwenyewe. Mengine ni madogo: kabati la kutunzia picha, na kalamu ya kuandikia tarehe.

Vumbi la karasha la kuponda mawe huacha makovu mapafuni. Kifua kikuu nacho huacha yake. Kutenganisha kovu la zamani na ugonjwa mpya kunahitaji picha ya mwaka jana, ndiyo hiyohiyo iliyokataliwa. Kuagiza nyingine bila kuitazama si tahadhari. Ni uvivu, na anayeulipia ni mtu anayekohoa damu, kwa fedha ya mbuzi aliyeuzwa na kwa mwili wake. Wakuu wasamehe ukali huo. Vumbi hukereketa koo.

Endapo nafasi za ajira zimejaa, wanaombwa waitoe filamu ya zamani kwenye bahasha, waisome mbele ya taa, kisha ndipo waamue kama nyingine inahitajika.