Mgeni, Salimia Kwanza Ndipo Utoe

Ukija Mwakitolyo kutafuta dhahabu, usiulize benki iko wapi. Benki yenye jengo na mlinzi wa kukukagua ifuate Kahama au Shinyanga mjini. Hapa benki ni mimi, wakala wa pesa za simu: mwavuli, kiti cha plastiki na daftari lililoloa jasho.

Laini yako isajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Asiye raia aje na pasipoti. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Na ndugu akikutumia hela, mwambie atume na ya kutolea.

La muhimu ni kutokuwa na haraka. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitema dhahabu, wachimbaji wanakuja kuweka hela mpaka floti, salio langu la simu, inakauka. Wanunuzi wa dhahabu wakitaka kulipa, wanatoa wote, droo inabaki na sarafu. Kijana mmoja wa Moshi alinijia mbio: "Nataka laki tatu!" Hata habari hakuna. Nyuma yake mama muuza dagaa akaanza na salamu ya Kisukuma, "mwadila", akaulizia watoto, ng'ombe, mvua. Droo ilikuwa na laki tatu na nusu. Mama akaondoka nazo.

Kijana akaamua kujifunza Kisukuma. Walimu wake wakawa wachimbaji wanaotoka shimoni alfajiri, basi akapata salamu ya asubuhi tu. Saa kumi na moja jioni akamwamkia yule mama: "Mwangaluka, mayu!" Mama akamtazama kwa huruma. "Ndiyo unaamka saa hizi, baba?"

Baadaye akagundua "mhola", neno la kujibu kwamba kwema, akalifanya ufunguo wa milango yote. Habari za nyumbani? Mhola. Umekula? Mhola. Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, akamwuliza kwa Kisukuma cha kasi kama atawalipia wenzake kusagiwa mifuko yao ya mawe. Mhola. Jioni akaletewa hesabu, na wenzake wakamshukuru sana.

Akiwa bado anadaiwa, kwenye simu yake ukaingia ujumbe ambao Mtanzania gani hajawahi kuupata: ile hela tuma kwenye namba hii. Akaja mbio, safari hii na salamu kamili. Nikaingiza namba, likatokea jina la mwanamke ambaye si mimi wala yeye tuliyemjua.

"Kaka, huyu ndiye mwenye karasha?"

"Mhola."