Njoo na Sampuli

Kariakoo hakuna anayetaka kujua kitu chako kinaitwaje. Ukifika dukani ukaanza kueleza, "Natafuta kile kidude cha jiko la umeme, kinakaa chini ya koili, kina matundu mawili," muuzaji atakuacha umalize kwa adabu, halafu atakuuliza, "Sampuli unayo?" Kama huna, salamu zako zimepokelewa, rudi nyumbani ukailete. Ndiyo maana ukipanda basi la mwendokasi la Kimara kwenda Gerezani asubuhi, utakuta watu wazima wamepakata mota ya feni, shingo ya bomba, mpini wa mlango wa friji. Kila mmoja amebeba marehemu wake, anakwenda kumtafutia mrithi.

Marehemu wangu alitoka Marekani.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Houston, na mapenzi yake kwetu huja kwa kontena. Aliponunua jiko jipya aliona dhambi kulitupa la zamani, maana pleti zote nne zilikuwa zinawaka na oveni yake unaweza kumwingiza mbuzi bila kumkunja. Akalisukumia kwenye kontena la kuchangia, katikati ya magodoro na matairi ya watu, na baada ya safari ndefu likashushwa mlangoni kwetu na vijana wanne waliotaka walipwe kama walioshusha ni watu watano.

Majirani walikuja kuangalia plagi. Ilikuwa na meno manne na unene wa ngumi. Soketi za nyumba zetu ni zile za Kiingereza za ampea 13, ambazo uwezo wake unaishia kwenye wati 3000 hivi. Jiko lile, ukiwasha kila kitu, linaweza kudai zaidi ya wati 10,000. Fundi wa kwanza alilizunguka, akatoa mfukoni plagi ya pini tatu, ndugu yake na ile ya pasi, akasema, "Hii inatosha, mzee. Msiwashe vyote tu." Mke wangu akamkaribisha chai. Akanywa, akashukuru, akasindikizwa hadi barabarani, na hatukumwita tena.

Fundi wa pili alivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye meni swichi, akaliwekea jiko breka yake. Huyu alikuwa anajua kazi, ila umeme wa Kimarekani ulimpa mtihani. Kule nyumba huingiza nyaya mbili za moto, kila mmoja volti 120, na ukizipima pamoja unapata 240. Koili za jiko hula hizo 240. Saa na taa ya oveni hula 120. Sisi tuna waya mmoja wa moto wa volti 230. Koili hazikulalamika hata kidogo. Taa ya oveni, ilipoonja 230 kwa mara ya kwanza maishani, ilimulika jikoni kote kama tunapigwa picha ya harusi, ikafa hapohapo.

Saa ilinusurika kwa sababu zamu yake ilikuwa haijafika. Fundi akaenda kununua transfoma ya kushusha umeme, akaipitishia saa peke yake, ikawaka namba za kijani, tukapiga makofi. Hatukujua tumekaribisha mgeni mwenye kalenda yake. Umeme wa Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50, na saa ya jiko lile haina akili nyingine zaidi ya kuhesabu mizunguko. Kwa hiyo saa nzima ya Kimara, yenyewe inatembea dakika 50. Keki ukiipangia dakika 45, kengele inalia baada ya dakika 54, na mke wangu amejifunza kuipua kwa pua.

Kuna starehe moja tu katika jambo hili, nami sijachoka kuwaonyesha wageni. Irekebishe Jumamosi asubuhi kwa saa ya kizungu, isome 7:00, kisha usiiguse. Jumapili jioni, wakati watu wanatoka kuoga, itakuwa imechelewa saa sita kamili na inasoma 1:00. Saa moja! Kwa muda mfupi sana jiko la Houston linasema saa za Kiswahili bila kufundishwa. Mradi umeme usikatike katikati. Ukikatika, inarudi 12:00 na kupepesa, na unaanza kuhesabu upya.

Basi, likaharibika. Na pleti ikiharibika haichagui ile ya nyuma iliyogeuka kituo cha sufuria tupu. Ilikuwa ya mbele kushoto, ile kubwa, ya ugali na maharage. Unazungusha swichi, taa nyekundu ya mbele inawaka kuonyesha kuna kazi inafanyika, na koili imekaa pale, baridi.

Mama mkwe alisema ni umeme mdogo. Nilimheshimu, kwa sababu kuna ukweli ndani yake: koili ya wati 2100 iliyotengenezewa volti 240 hutoa kama 1930 ukiipa 230, na saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa unapiga pasi, hata hizo 230 ni za kwenye karatasi. Lakini umeme mdogo haubagui pleti. Jirani alisema ni LUKU, kwamba uniti zikikaribia kuisha mita inabana. LUKU haina huruma ya namna hiyo. Inakupa wote au inakata wote. Ila toka siku ile mama mkwe alianza kwenda kuichungulia mita kila oveni inapowashwa, na anarudi na ripoti. Oveni ikikolea inaweza kula uniti mbili kwa saa, na wateja wa tarifu ya chini hawatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo keki nyumbani kwetu sasa inajadiliwa kikao kizima.

Alikuja fundi, wa tatu huyu, mwenye bisibisi ya tesa. Akagusa mguu mmoja wa koili, tesa ikawaka. Akagusa mguu wa pili, ikawaka. Akatabasamu. "Umeme umejaa kote, mzee. Koili imekufa. Kanunue."

Nikaichomoa, nikaifunga kwenye gazeti, nikapanda basi. Gazeti lilichanika Ubungo. Koili ya jiko, kwa asiyeijua, ni bomba jembamba jeusi lililojiviringa kutoka katikati kwenda nje, na bibi mmoja aliyekaa mbele yangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniinamia akasema kwa sauti ya huruma, "Mwanangu, hiyo gongo itakufunga." Nilimweleza kwamba ni ya kupikia. "Najua," akasema, "wote huwa wanasema ni ya kupikia."

Kariakoo nikapokelewa na winga. Winga ni mtu asiye na duka ambaye maduka yote ni yake. Akaitwaa sampuli, "Bosi, kaa hapo, usiende popote," akazama kwenye umati wa Mtaa wa Congo. Alirudi na hita ya ndoo. Nikamwambia hapana. Akarudi na kichemshio cha birika. Akarudi na koili ya jiko dogo la Kichina, yenye miguu iliyokaa kinyume, akanihakikishia kwamba miguu inakunjika. Kila alichoniletea kilikuwa "og kabisa", na kila kimoja bei yake ilishuka kabla sijafungua mdomo. Hatimaye akaja na yenyewe: inchi 8, miguu sawasawa, vumbi la miaka juu yake. Nililipa, na nikihesabu jasho lake sikuona kama amenipunja sana.

Koili mpya ikachomekwa. Ikakaa baridi kama mwenzake.

Hapo ndipo mke wangu, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele, aliweka ungo chini. Akazima breka, akachukua ile koili iliyokufa, akaichomeka kwenye tundu la nyuma, ambalo lilikuwa zima, akawasha. Kabla ya dakika kupita ilikuwa nyekundu. Marehemu alikuwa mzima wa afya. Jaribio hilo halihitaji tesa wala cheti: hamisha koili, ubovu ukiifuata, koili ndiyo mbovu, ubovu ukibaki palepale, angalia tundu au swichi. Nimeshangaa jinsi mafundi wengi wasivyolipenda, na nadhani sababu ni kwamba ni la bure.

Mzee mmoja wa Gerezani anayesuka mota ndiye aliyenifafanulia kioja cha tesa. Koili haipati moto kwa kuingiwa na umeme. Inapata moto umeme ukipita. Tesa ikiwaka kwenye miguu yote miwili na koili ni baridi, maana yake umeme umeingia na mlango wa kutokea umefungwa. Akaja nyumbani, akachungulia chini ya pleti na tochi ya simu, akaninyooshea kidole. Kipande cha kauri, kidogo kuliko kiberiti, na ndani yake vibati viwili vinavyobana miguu ya koili. Kimoja kilikuwa cheupe. Cha pili kilikuwa cheusi, kimeliwa ukingo, na waya wake umekauka hadi mpira wake unamomonyoka ukiugusa. Kibati kikilegea kinapata joto, joto linakilegeza zaidi, na hivyo hivyo hadi kinaungua. Ningeendelea kununua koili, kingezila zote miguu.

Kitu chenyewe ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika jiko lile, na ndicho ambacho hakuna duka linalokiuza. Nikakipeleka Kariakoo. Winga alikipiga picha pande zote, akachukua namba yangu, akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Shemeji naye akataka namba ya modeli. Kwenye majiko ya Kimarekani mara nyingi inakaa kwenye fremu, nyuma ya droo ya chini, kwa hiyo nililala kifudifudi sakafuni na tochi mdomoni. Nilikuta senti moja ya Marekani, tambi iliyogeuka mfupa, na kibao cha namba chenye herufi ambazo mafuta ya miaka yamezifuta nusu. Ni sifuri au ni O? Shemeji alipiga simu kuuliza hilo usiku wa manane, maana kwao ilikuwa mchana. Nikasema sifuri. Mke wangu, akiwa usingizini, akasema O.

Mzee wa Gerezani hakusubiri Houston. Alikata sehemu iliyoungua, akaunganisha nyaya kwa koneka ya kauri, akazibana kwa skrubu, na maharage yakachemka jioni hiyo hiyo. Baadaye sana mgeni wa watu akaniletea mzigo kutoka kwa shemeji, umefungwa vizuri kwenye soksi. Ilikuwa koili ya inchi 8. Alishaiagiza siku ile ya kwanza aliposikia fundi amesema koili.

Juzi simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Bosi, winga wako wa Kariakoo hapa. Ile spea yako ya kauri imepatikana, og."

"Kweli? Shilingi ngapi?"

"Bei tutaelewana. Ila bosi, imekuja na jiko lake. Uko wapi nikuletee?"