Sifa za Kasta Kaidi

Waache wengine wasifu injini ya pikipiki ya Boxer. Injini ina wasifu wake tele kwenye kila steji ya bodaboda kutoka Kiamunyi hadi Kabarak. Mimi nasifu kisichosifiwa: kasta, kile kigurudumu kinachofungwa chini ya benchi la kutengenezea pikipiki, kinachokwenda kila upande isipokuwa ule unaotakiwa.

Kwanza ukoo wake. Kasta ni mwenyeji wa Nakuru kuliko wengi tuliohamia huku baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Nakumatt ilianza hapa kwa kuuza magodoro, na jina lenyewe limebeba Nakuru. Naivas na Tuskys asili yao ni Rongai, mwendo mfupi wa matatu. Palipozaliwa supamaketi, toroli hazikosi, na toroli ikifa, jua kali hurithi miguu yake.

Pili, kasta haijui kusema uongo. Fundi wa mjengo ataapa kwamba sakafu ya gereji yako imelala sawa. Kasta haibishani naye. Benchi huanza tu safari ya polepole kuelekea getini, maana sakafu iliinamishwa kidogo ili maji ya kuoshea gari yatoke, na hakuna aliyekuambia.

Tena ni mwalimu wa hesabu, na viboko hutoa. Pikipiki ina kilo 120 hivi. Benchi la mabomba ya skwea na shiti la chuma, tuseme 60. Fundi aliyeegemea akivuta nati iliyoshikwa na kutu, 70. Jumla 250. Mwanafunzi mvivu hugawanya kwa nne, akanunua kasta za kilo 70 na kurudi nyumbani akipiga mluzi. Lakini kwenye saruji yetu yenye mabonde ni kasta tatu zinazobeba. Ya nne iko hewani, inatafakari. Gawanya kwa tatu upate zaidi ya 83. Nunua za 100 kwenda juu, na ukilalamikia bei, fikiria Boxer ikilala juu ya mguu wako.

Tabia zake pia zina madaha. Ya nailoni haiogopi oili, ila kokoto moja ya murram huisimamisha ghafla na pikipiki ikapiga saluti. Ya raba ni mpole, lakini oili huila, na ikibebeshwa mzigo mahali pamoja kwa muda mrefu hupata ubapa, ikawa inachechemea. Ya inchi 2 hukwama kwenye ufa ambao ya inchi 5 hupita bila habari. Zote hula vumbi la Kiamunyi, lile la majivu ya volkano ya Menengai, kwa hiyo zipeni grisi.

Ekseli ya kasta haikai chini ya shingo moja kwa moja. Iko nyuma kidogo, ndiyo maana gurudumu hufuata likisukumwa. Ukitaka kurudi nyuma, zote nne lazima zigeuke kwanza, kila moja kwa ratiba yake. Na breki! Ile ya bei rahisi hufunga gurudumu na kuiacha shingo huru, hivyo benchi haliendi popote, linacheza tu. Ni utiifu wa neno kwa neno: uliagiza lisibingirike, halikubingirika.

Wajuzi huweka mbili zisizogeuka upande mmoja na mbili zinazogeuka upande wa pili. Wajuzi zaidi huchomelea nati nene kwenye pembe za benchi na kupitisha bolti ndefu. Benchi likifika mahali pake, bolti hukazwa kuelekea sakafuni mpaka kasta zote zining'inie. Pikipiki inapanda, nati inavutwa kwa nguvu zote, hakuna kinachosogea, na kasta, zikiwa sentimita moja juu ya saruji, zinafanya kazi safi kuliko siku zote.