Kusi Ikivuma, Mume Huhamia Jikoni

Watu wa Dar wana raha zao. Ikifika Julai wanatupigia simu: "Enhe, huko Mafia kipupwe kimeshaingia? Mnafaidi kaubaridi nyie!" Kibaridi chenyewe, mtu wa Makete akikiona atavua shati. Mimi na baridi hatuna ugomvi, baridi ina dawa yake, blanketi. Ugomvi wangu ni na kusi, kwa sababu kusi ikishika inanirudishia mume nyumbani.

Bahari ya nje ikichafuka, wavuvi wanavuta vyombo pwani. Wenzake wengine wanajipatia riziki humo humo ndani ya ghuba ya Chole, ambako visiwa vinakinga mawimbi. Wangu anasema huko kuna msongamano, tena samaki wake watoto. Basi asubuhi anategea utabiri redioni, halafu anazunguka nyumba nzima akiutangaza upya: "Upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa! Mawimbi makubwa yanayofikia mita 2!" Anautamka kama aliyesomewa barua ya likizo. Kisha anatandaza nyavu sebuleni kuzishona, na kila apitaye ananasa kidole cha mguu.

Saa nne yuko jikoni. Anafunua sufuria, ananusa, anafunika, anafunua tena. "Mke wangu, tui la kwanza si hutiwa mwisho?" Mwanamume huyu kaskazi nzima hajui chumvi inakaa wapi! Sasa ananifundisha kukaanga kitunguu, na kitunguu chenyewe hamna.

Hamna kwa sababu vitunguu viko Nyamisati, bandarini upande wa bara. Kila kitu kiko Nyamisati: vitunguu, viazi, unga, mitungi ya gesi na wifi yangu. Chombo kinangoja maji yajae, maji yakijaa kinangoja upepo utulie, upepo ukitulia maji yameshatoka. Hapo ndipo ninapowakumbuka wale Wasakalava wa karne ya 19, waliotoka Madagaska kwa mitumbwi wakaja kuuvamia mji wa Kua, pale kisiwani Juani. Uharamia siusifu, lakini walifika. Kiroba changu kinashindwa na mkondo wa hapo Rufiji.

Na msidhani kwa kuwa tumezungukwa na bahari tunakula changu wa kupaka. Kitoweo ni ng'onda, kesho ng'onda, keshokutwa maharage, nayo maharage yameletwa na chombo kutoka bara. Kilichojaa ni nazi. Usiku upepo unaziangusha juu ya bati, puu! Nyumba nzima inashtuka, na baba watoto anakurupuka: "Nani huyo?" Kila usiku. Sijui anategemea nazi itajitambulisha.

Mama mkwe yeye amejifungia chumbani na jiko la vifuu. Amevaa sweta la shule la mjukuu, soksi za mpira za mwanawe, na kanga mbili juu yake, moja yangu. Hiki kibaridi anakidharau, anasema kusi ya zamani ndiyo ilikuwa kusi, ilikuwa inang'oa minazi. Lakini mlango ukiachwa wazi kidogo tu anaita ukoo mzima kuaga. Watoto nao wamepata wakili. Nikisema wakaoge, wanakimbilia kwa bibi yao, naye anatoa hukumu kutoka ndani ya moshi: "Mwanangu, watoto hawaoshwi kipupwe, wataingiwa na baridi ya mifupa." Kwa hiyo ninalala na watu wanaonuka ng'onda na moshi, na mmoja anayepiga kelele kuihoji minazi.

Alasiri wanakuja wenzake kucheza bao barazani. Wavuvi watu wazima, wenye nguvu zao, wanateta serikali na kuagiza kahawa. "Shemeji, na kashata kama ipo." Kashata ni sukari, na sukari wanajua iko wapi. Nimewajibu waifuate kwa kuogelea. Wamecheka sana, wakaniambia shemeji una maneno, wakaendelea kungoja kahawa.

Jana wifi amepiga simu, nikaruka nikidhani chombo kimeondoka. Kumbe vitunguu vilianza kuchipua, naye fedha za gesti zimemwishia, kwa hiyo ameviuza huko huko kwa hasara. Sasa anaomba nimtumie nauli arudi Dar. Nikaiweka simu kwenye spika ili familia isikie msiba wetu. Baba watoto akauliza ameuza bei gani. Mama mkwe akafungua mlango, moshi ukatangulia, akaisogelea simu na kupaza sauti:

"Mwanangu, kabla hujaondoka, hapo hapauzwi sweta?"